Stamen Hayumo Katika Orodha

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtambo katika hospitali ya mji mdogo wa Belobryag uliowahi kumwambia Bai Stamen hapana. Alikuwa fundi mkuu wa kompyuta, mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu, aliyevaa sweta lile lile la kahawia kiangazi na kipupwe, kwa sababu chumba cha seva kilikuwa chini kabisa ya jengo na kilipulizwa hewa baridi mwaka mzima. Kuanzia mkurugenzi hadi wafagiaji, wote walimwita Bai, kama anavyoitwa mwanamume aliyekuzidi umri ila bado mnataniana.

Zlatina aliletwa kwake akiwa na miaka ishirini na minne, cheti cha chuo bado kinanukia wino. Siku ya kwanza Bai Stamen hakumwonyesha kompyuta hata moja. Alimpandisha ngazi mpaka ghorofa ya kwanza, akamsimamisha mbele ya mlango uliobandikwa karatasi: Daktari wa macho amehamia chumba namba 14.

“Unaona nini?” alimuuliza.

“Karatasi.”

“Hicho ndicho kiungo. Karatasi si daktari, lakini ukiifuata utamfikia daktari. Kesho daktari akihama tena, huvunji ukuta, unabadilisha karatasi tu. Umeelewa? Kama umeelewa twende tukanywe kahawa, kazi yote umeshaimaliza.”

Hakuwa anatania sana. Mashine za maabara, za eksirei, za duka la dawa, printa za kila wodi, kila moja ilitafuta faili la mipangilio yake mahali pake penyewe, ndani kabisa ya mfumo. Mafundi wengine waliyaacha mafaili hayo yatapakae huko huko. Bai Stamen aliyakusanya yote mahali pamoja, katika folda aliyoiita Kabati, na kule yalikotoka akaacha viungo vinavyoelekeza kabatini. Viungo vilifika mia mbili na kumi na vinne. Akitaka kubadilisha jambo alifungua kabati moja, akalifunga, akarudi kwenye kahawa yake.

Ila kiungo chenyewe hakiwekwi na mtu yeyote tu. Kule ndani ya mfumo haingii ila mwenye haki za msimamizi. Mashine humwuliza neno lake la siri, halafu huandika jina lake na saa aliyoingia, na maandishi hayo hayafutiki. Kwa miaka mingi jina lilikuwa moja. Mwaka wa nne wa Zlatina, Bai Stamen alikuja asubuhi na sinia la banitsa, mikate ya tabaka yenye jibini aliyoioka mkewe, akaliweka juu ya kibodi, akasema, “Nimekuandika kwenye orodha ya wasimamizi. Kuanzia leo unaweza kuiua hospitali nzima kwa mstari mmoja. Kwa hiyo kula kwanza, mwenye njaa huua haraka.”

Zlatina alicheka mpaka akapaliwa. Baba yake mwenyewe alikuwa ameondoka nyumbani yeye akiwa na miaka sita, akaenda kufanya kazi za ujenzi Uhispania, akakaa huko moja kwa moja. Hakuwahi kumwambia Bai Stamen kwamba siku ile ya banitsa alikwenda chooni akalia.

Mambo yalianza mwezi wa nane, miaka saba baadaye. Duka la dawa walipiga simu kwamba printa yao imekufa. Zlatina alipoangalia, alikuta kiungo cha printa ile hakielekezi kabatini. Kilikuwa kinajielekeza chenyewe, na mashine ilikuwa ikizunguka nacho mpaka imechoka.

“Bai, hebu njoo uone kioja.”

Bai Stamen aliinamia skrini, akasoma, akaangua kicheko. “Kama mbwa anayefukuza mkia wake! Nani mpumbavu aliyefanya hivi?”

“Imeandikwa Stamen.”

“Namjua huyo. Mzee mmoja hivi, hana akili.” Wakacheka wote wawili, Bai akakirekebisha.

Wiki mbili baadaye alikaa mbele ya kibodi muda mrefu bila kuandika. Kisha akageuza kiti. “Zlatina, kipi kinaandikwa kwanza? Faili lenyewe au jina la kiungo?”

Swali hilo Zlatina ndiye aliyekuwa akimuuliza zamani, wiki nzima ya kwanza, mpaka Bai akamtungia kanuni. Mtu huyu alikuwa ameuandika mstari ule mara elfu kadhaa. Zlatina aliweka kikombe chake chini. “Cha kweli kwanza, cha kuelekeza baadaye,” alimjibu, kwa maneno yale yale ya Bai.

“Ahaa,” alisema Bai Stamen, akageukia mashine. “Ndivyo.”

Mwezi wa tisa alifuta faili la kweli la eksirei, akidhani anafuta kiungo kilichochakaa. Zlatina alilirudisha kutoka kwenye nakala za akiba kabla ya mtu yeyote kujua. Kuanzia siku hiyo akawa anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mapema kuliko mwalimu wake. Anavua koti, anaiagiza mashine imworodheshee viungo vyote mia mbili na kumi na vinne. Vizima vilikuja kwa rangi ya bluu, vilivyokatika kwa nyekundu. Siku nyingine hakuna chekundu hata kimoja. Siku nyingine vitatu, vinne. Anavitengeneza, anachemsha kahawa, na Bai Stamen akiingia saa mbili kasorobo anamkuta ameketi kama mtu aliyefika sasa hivi.

“Umeniwahi tena?”

“Basi lilikuwa na haraka leo.”

“Basi la kwetu? Lile halijawahi kuwa na haraka tangu litoke kiwandani.”

Mara nyingi alitaka kumwambia. Alipanga maneno akiwa ndani ya basi, akayapoteza akiwa mlangoni. Alijiambia imebaki miaka miwili tu mzee astaafu, na miaka miwili ni nini? Angemfuata nyuma nyuma akiokota anavyoangusha, mpaka siku ya keki na maua na hotuba ya mkurugenzi, kisha mzee angekwenda kulima nyanya zake kwa heshima. Aliita jambo hilo adabu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kilimchagua mtu ambaye hakuwa na habari yoyote ya viungo wala kabati.

Aliitwa Gergin, mfuga nyuki wa miaka sabini na miwili. Bintiye alimleta Alhamisi moja ya mwezi wa pili, asubuhi ya theluji nzito, miguu imemlegea na moyo unapiga bila mpangilio. Wodi ya magonjwa ya ndani walimtoa damu, wakaipeleka maabara ikiwa imeandikwa HARAKA. Maabara kulikuwa na mtu mmoja tu, wenzake wamezuiwa na theluji. Aliipima damu, akaona madini ya potasiamu yamepanda kupita kiasi, akatuma majibu. Alipiga na simu, ikawa inatumika. Mashine ikamwambia “imechapishwa”, naye akashika sampuli nyingine.

Wodini walingoja. Ilipofika saa tano, muuguzi Tsonka, mwanamke mwenye sauti ya kuuza samaki, alishika simu. “Nyie huko maabara mmelala? Mzee wangu anabadilika rangi hapa!”

“Tumeshatuma tangu saa mbili na nusu!”

“Mmemtumia nani, Baba Baridi wa zawadi za Krismasi? Hapa sijaona hata karatasi ya kufungia mkate!”

Walipoyasoma tena majibu kwa simu, daktari alikimbia na sindano mkononi. Moyo wa Gergin ulisimama saa sita kasoro dakika kumi, na haukurudi.

Zlatina naye alikuwa amecheleweshwa na theluji. Hakuangalia viungo asubuhi hiyo. Alipoviangalia mchana, mzee ameshakufa, hakuna kilichokuwa chekundu. Kiungo cha wodi ya magonjwa ya ndani kilikuwa cha bluu, kizima kabisa, ila kilielekeza kwenye faili la miaka mitatu nyuma, wakati wodi hiyo ilipokuwa ikitumia printa ya ghorofa ya pili. Kilibadilishwa saa mbili na dakika tano asubuhi ile. Jina: Stamen.

Ghorofa ya pili ilikuwa wodi ya watoto, nayo ilifungwa baada ya daktari wa mwisho wa watoto kuhamia mji mkuu, Sofia. Zlatina alichukua ufunguo kwa mlinzi, akapanda. Ukutani bado kulikuwa na bata na dubu waliochorwa kwa rangi. Vitanda vidogo vilikuwa vimesukumwa upande mmoja, havina magodoro. Mezani printa ilikuwa ikimulika taa yake ya kijani. Hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Sakafuni karatasi kumi na tisa. Alipiga magoti akaziokota moja moja. Jina la Gergin lilikuwa kwenye ya tatu.

“Labda angekufa vyovyote vile,” daktari wa zamu alimwambia jioni, akivua glavu. “Alikuja amechelewa. Labda.”

Ijumaa asubuhi Zlatina aliitwa na mkurugenzi, Daktari Haralampiev. Alikuwa mtu wa maneno machache, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Imeandikwa jina la nani?”

“La Bai Stamen.”

“Imeshawahi kutokea kabla?”

Zlatina alitazama dirishani. Theluji ilikuwa ikidondoka vipande vipande kutoka kwenye paa la chumba cha magari ya wagonjwa. “Hapana,” alisema. “Ni mara ya kwanza.”

Daktari Haralampiev aliandika jambo, akaweka kalamu. “Hata kama ni ya kwanza. Ana miaka sitini na mitatu, na mtu amekufa. Mtoe kwenye orodha ya wasimamizi. Abaki kazini, ashauri, afundishe, lakini asiguse. Ila kwanza mwambie. Uso kwa uso, umesikia? Yule si kibarua.”

“Nitamwambia.”

“Ukishindwa, niambie mimi nimwambie.”

“Sitashindwa.”

Alishuka chini na maneno yake yamepangwa. Bai Stamen alikuwa amekaa mikono mapajani, kibodi ameisukuma mbali. Hakumtania kuhusu basi.

“Yule mzee wa nyuki,” alisema. “Ni kiungo, eeh?”

“Ni kiungo.”

“Nani alikigusa?”

Lilikuwa swali jepesi, limeulizwa kwa sauti ya kawaida, na Bai alikuwa akimtazama moja kwa moja. Zlatina alifungua mdomo. Yakatoka maneno ambayo hakuyapanga. “Bado naangalia, Bai. Pengine ni sasisho la wiki iliyopita.”

Bai Stamen aliendelea kumtazama kidogo. “Sawa,” alisema. “Ukijua utaniambia.”

“Nitakuambia.”

Saa saba Bai alivaa koti akaenda kantini kunywa supu ya maharage. Zlatina alingoja mpaka hatua zake zilipoisha ngazini. Kisha akaandika mstari mmoja mfupi. Mashine ikamuuliza neno lake la siri. Mara ya kwanza alilikosea. Mara ya pili likakubali, na jina la Stamen likaondoka katika orodha, bila mlio wala neno la kuthibitisha. Mashine hizo zikitii hukaa kimya. Alijiambia atamwambia akirudi kantini. Aliporudi, Zlatina alisema anaumwa kichwa, akaenda nyumbani.

Jumatatu Bai Stamen alianza kazi kama siku zote. Zlatina alikuwa amempa mgongo, meza kwa meza, anajifanya anasoma. Alisikia vidole vya mzee kwenye kibodi, kisha kimya, kisha vidole tena.

“Mashine imelewa leo,” alisema Bai Stamen.

“Imefanyaje?”

“Inasema hainijui.”

Kwenye pembe ya skrini ya Zlatina ujumbe ulikuwa umeshaingia: Stamen hayumo katika orodha ya wasimamizi. Tukio hili limeripotiwa. Akaingia mwingine. Mzee alikuwa akiandika polepole sasa, herufi moja moja, kama mtu anayeingiza ufunguo gizani. Mwingine. Kila alipogonga kitufe cha mwisho kule nyuma, huku mbele barua ilifika. Zlatina hakuweza kuifunga ile skrini wala kugeuka. Alizihesabu kwa sababu hakujua la kufanya na macho yake.

“Zlatina.”

“Naam, Bai.”

“Inasema tukio litaripotiwa.” Alikuwa akiisoma skrini kwa sauti, taratibu. “Huwa yanaripotiwa kwa msimamizi. Mimi ndiye niliyeupanga mfumo huo, mwaka ule wa mafuriko.” Akaondoa vidole kwenye kibodi. “Zimekufikia ngapi?”

Zlatina aliisoma hesabu bila kugeuka. “Kumi na moja.”

“Kumi na moja,” alirudia Bai Stamen. “Na mimi nimejaribu mara kumi na moja. Basi mfumo wa taarifa unafanya kazi vizuri.”

Ndipo Zlatina alipogeuka. Mzee alikuwa ameshasimama, anavaa koti, anatafuta tundu la mkono na halioni. Zlatina aliinuka kumsaidia. Bai Stamen akainua kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayezuia gari lipite kwanza.

“Bai, mkurugenzi alisema... mimi nilitaka kukuambia Ijumaa, nikawa...”

“Kunywa kahawa yako, inapoa.”

Hakuchukua kitu chochote. Kikombe chake, redio yake, picha ya wajukuu, vyote aliviacha. Tsonka alimkuta kwenye ngazi akampigia kelele, “Bai, watoro tunawakata mishahara!” Hakumjibu, na Tsonka alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kuna jambo, maana Stamen hajawahi kuacha utani upite bure.

Alichukua likizo ya ugonjwa, kisha zikaja karatasi za pensheni kupitia kwa wakili. Keki haikukatwa. Kwenye lango la hospitali ilibandikwa tanzia ya Gergin yenye picha yake, kofia ya majani kichwani. Siku ya arobaini ikabandikwa nyingine juu yake. Barua iliyokwenda kwa familia ilisema hitilafu ya mtandao. Zlatina alikuwa mmoja wa waliotia sahihi.

Mwezi wa nne alijikaza, akanunua maua, akaenda nyumbani kwa Bai Stamen, ghorofa ya tano upande wa reli. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Nedyalka, mama mnene aliyemlisha Zlatina banitsa miaka kumi na moja. Mikono ilikuwa na udongo. Kizingitini kulikuwa na visanduku vya miche ya nyanya.

“Shangazi Nedyalka, habari za hapa? Bai yupo?”

“Yupo. Kwako wewe hayupo.”

“Nimekuja kumwomba radhi.”

Nedyalka aliurudisha mlango nyuma yake, akasimama pale kwenye ngazi. “Radhi ya nini? Ya kumtoa? Hilo la kutolewa alikuwa analingoja kwako.”

Zlatina hakuelewa.

“Mwezi wa tisa mwaka jana alikwenda kwa daktari,” alisema Nedyalka kwa sauti ya chini. “Walimkuta na viharusi vidogo vidogo kichwani, ambavyo mtu havisikii. Nikamwambia Stamen, acha kazi leo. Akasema siku nitakayoanza kuharibu, nitaacha siku hiyo hiyo. Kila siku akifika anaangalia vile vidude vyake, vyote vizima. Anarudi ananiambia, Nedyalka, niko sawa, hakuna hata kimoja chekundu. Nikamwambia labda huoni. Akasema, mimi nisione, Zlatina hataona? Yule tunakaa meza kwa meza. Ningekuwa naharibu, angeniambia. Yule hanifichi.”

Maua yalikuwa mazito mkononi mwa Zlatina kama ndoo.

“Halafu mzee wa watu akafa. Stamen akasoma kule kwenye maandishi yenu, akaona jina lake. Alijua tangu Alhamisi ile ile. Ijumaa akakuuliza.” Nedyalka alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikufutika. “Hakukuuliza ili ajue, mwanangu. Alikuuliza ili umwambie.”

Treni ya mizigo ilipita, madirisha ya ngazi yakatetemeka. Nedyalka alingoja ipite yote.

“Maua sitapokea,” alisema. “Nitamwambia yametoka kwa nani?”

Zlatina alishuka ghorofa zote tano na maua yake. Kwa hiyo kama asingeamka alfajiri zile zote. Kama angeacha chekundu kimoja tu, kimoja, mzee akakikuta mwenyewe. Angefunga kazi mwezi wa tisa. Angekwenda nyumbani amekasirika, ameumia, na majibu ya Gergin yangefika wodini saa mbili na nusu.

Kesho yake aliingia kwa Daktari Haralampiev bila miadi. “Niliulizwa kama ilishawahi kutokea, nikasema hapana. Nilidanganya. Ilianza mwezi wa nane. Nilikuwa natengeneza kimya kimya.”

Mkurugenzi alivua miwani. “Faili hilo limefungwa, Zlatina.”

“Lifungue.”

“Unajua unachokiomba?”

“Najua.”

Alilifungua, kwa kusitasita, na ikaja tume kutoka wilayani. Zlatina alipewa karipio la maandishi, akakatazwa kugusa mitambo ya maabara bila mtu wa pili pembeni yake. Familia iliandikiwa barua nyingine, ya kweli. Binti wa Gergin alikuja hospitali siku moja mwezi wa sita, akaulizia chumba cha kompyuta, akashuka mpaka chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitambaa cheusi. Zlatina alisimama akijiandaa kutukanwa. Mwanamke yule alitazama seva, nyaya, feni zinazovuma.

“Ni hapa?” aliuliza.

“Ni hapa.”

“Baba ameacha mizinga arobaini,” alisema. “Mimi nyuki wananidhuru. Mmoja akiniuma navimba mpaka koo. Nimeiuza yote.” Akasimama kidogo zaidi, kama anayengoja jibu. Mwanamke akapanda ngazi akaenda zake.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa simu ya Zlatina iliita. Alikuwa Nedyalka. “Alipata kiharusi kingine mwezi wa saba, kikubwa. Kama bado unataka kuja, njoo. Tunapika lyutenitsa, pilipili ni nyingi, mikono haitoshi.”

Alimkuta Bai Stamen kwenye roshani, beseni la pilipili hoho nyekundu zilizochomwa liko miguuni. Alikuwa amekonda, masharubu yamenyolewa, na bila masharubu uso ulikuwa wa mtu mwingine. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Kwa wa kulia alikuwa akivuta ngozi za pilipili taratibu, kwa ustadi, hazikatiki. Aliinua macho.

“Karibu, binti. Umetumwa na watu wa simu?”

“Hapana, Bai. Mimi Zlatina.”

“Karibu, Zlatina.” Alisogeza kiti kwa mguu. “Unajua kumenya?”

“Najua.”

Wakamenya. Moshi wa pilipili ulikuwa ukipanda kutoka roshani zote za mtaa, kila nyumba inachoma zake. Nedyalka alisimama mlangoni na mwiko. Zlatina alimenya pilipili tatu, ya nne ikampasukia mkononi, akaiweka chini.

“Bai, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea.”

“Umenikosea nini?”

Alimweleza. Alianza tangu mwezi wa nane, kile kiungo cha duka la dawa, alfajiri zote, karatasi za wodi ya watoto, Ijumaa ile aliyoulizwa, mstari ule mmoja aliouandika wakati wa supu. Hakuruka kitu. Bai Stamen alimsikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa palipostahili, kama unavyomsikiliza mgeni ndani ya treni anayekusimulia maradhi yake. Zlatina alipomaliza, mzee alifikiri kidogo.

“Na huyo mwalimu wako,” alisema, “alikasirika?”

Kule mlangoni Nedyalka aligeuka, akaingia jikoni.

“Sijui,” alisema Zlatina. “Hakuniambia.”

“Hee. Watu wa namna hiyo ni wagumu.” Bai Stamen alichukua pilipili nyingine, akaipima mkononi. “Mimi, kama nimekosewa, basi hakuna neno. Nimesamehe. Sasa usinililie juu ya beseni, chumvi Nedyalka ameshatia.”

Zlatina alicheka, na kicheko hakikumsaidia. Alikuwa amepewa alichokifuata tangu masika, amepewa kwa moyo mweupe kabisa, na hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumpa. Aliinama akaichukua ile pilipili iliyopasuka, akaimaliza. Kisha nyingine. Ndani ilisikika sufuria ikikorogwa, kwa nguvu, kwa muda mrefu kuliko lazima.

Ilipofika saa kumi na moja beseni lilikuwa tupu. Nedyalka alitoka na mtungi wa kioo wa lyutenitsa, bado una moto, ameufunga kwa taulo, akaushika bila kumpa kwanza, akimtazama.

“Alhamisi tunachoma nyingine,” alisema. “Kilo ishirini.”

“Nitakuja, Shangazi.”

“Uje na kisu chako. Vyetu ni butu.”